Intel au AMD? Namna ya Kuchagua Prosesa ya Kompyuta



Kwa familia nyingi kompyuta ni kifaa cha bei kubwa kinachonunuliwa mara moja katika miaka mingi. Mzazi humnunulia mwanawe anayeanza chuo, mwenye steshenari huinunua ili achape barua na kutoa nakala, na katibu wa SACCOS huinunua ili atunze hesabu za wanachama. Fedha hiyo ikitumika vibaya, hairudi kwa urahisi.

Afikapo dukani, iwe Kariakoo au katika mji mwingine wowote, mnunuzi hukutana na mabishano ya miaka mingi. Muuzaji mmoja atamwambia, "Chukua Intel, AMD inachemka." Wa duka la pili atamwambia, "AMD ndiyo yenye nguvu, Intel unalipia jina tu." Wote wawili husema kwa uhakika, na wote wawili wana mzigo wa kuuza.

Katika somo hili hatutakuambia ununue chapa ipi. Tunachotaka uondoke nacho ni jambo moja: jina la chapa peke yake halikuambii kama kompyuta ni nzuri au mbaya. Kinachokuambia ni namba kamili ya prosesa. Anayenunua kwa jina bila kusoma namba ananunua mbuzi kwenye gunia.

Prosesa ni nini

Kichakataji, ambacho wauzaji na mafundi wengi hukiita prosesa, ni kipande kidogo kilichomo ndani ya kompyuta ambacho hutekeleza amri zote za programu. Unapofungua waraka, unapojumlisha hesabu au unapotazama video, prosesa ndiyo inayofanya kazi. Ndani yake mna viini, yaani sehemu zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Prosesa yenye viini vinne ni kama jiko lenye wapishi wanne: si lazima kila chakula kiive mara nne upesi, lakini oda nyingi zikija kwa pamoja, kazi haikwami.

Kipimo kingine ni kasi, inayohesabiwa kwa gigahezi. Kasi hiyo hueleza hatua ambazo kiini hupiga kwa sekunde, lakini haielezi ukubwa wa kila hatua. Kiini cha kisasa hufanya kazi nyingi zaidi katika hatua moja kuliko kiini cha zamani. Kwa hiyo gigahezi za prosesa mbili za miaka tofauti hazilinganishwi moja kwa moja, kama vile hatua za mtoto na za mtu mzima zisivyolinganishwa kwa kuhesabu tu.

Kampuni mbili, muundo mmoja

Intel ilianzishwa mwaka 1968 na AMD mwaka 1969, zote katika jimbo la California, Marekani. Mwaka 1978 Intel ilitoa prosesa iliyoitwa 8086, na utaratibu wake wa amri ukaendelezwa hadi kujulikana kama x86. Kampuni ya IBM ilipotengeneza kompyuta yake binafsi mwaka 1981, haikutaka kutegemea mtengenezaji mmoja tu wa prosesa. Mwaka 1982 Intel na AMD zikatia saini makubaliano yaliyoiwezesha AMD nayo kutengeneza prosesa za aina hiyo. Mwaka 2003 ikawa zamu ya AMD kutangulia: iliupanua utaratibu huo uweze kufanya kazi kwa biti 64, na Intel ikaufuata.

Historia hii ina maana kwa mnunuzi wa leo. Maadamu chapa zote mbili zinatumia utaratibu mmoja wa amri, Windows, programu za ofisi, programu za uhasibu na vivinjari vya intaneti hufanya kazi katika zote. Anayekuambia kwamba programu za kawaida za ofisi hazifanyi kazi katika AMD hakuambii kweli.

Ina maana pia kwetu sisi watumishi wa umma tunaoshughulikia maslahi ya walaji. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2017, prosesa za kawaida za Intel kwa kompyuta za mezani zilikuwa na viini visivyozidi vinne. Mwaka 2017 AMD ilileta Ryzen, na miongoni mwake zilikuwamo prosesa za kawaida zenye viini vinane. Mwaka huohuo Intel iliongeza viini katika prosesa zake za mezani na za kompyuta mpakato. Hayo ndiyo matunda ya ushindani: mnunuzi hupata zaidi kwa fedha yake.

Ndiyo maana mamlaka za nchi mbalimbali huufuatilia ushindani huo kwa karibu. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06, ikisema kuwa kampuni hiyo ilitumia punguzo na malipo kwa watengenezaji wa kompyuta ili kumfungia mshindani mlango. Shauri lilikaa mahakamani miaka mingi. Mwaka 2022 mahakama ya Ulaya iliifuta faini hiyo, ikaacha sehemu ya matokeo kuhusu malipo ya kuchelewesha bidhaa za mshindani, na mwaka 2023 Tume ikatoza faini mpya ya takriban euro milioni 376 kwa sehemu hiyo.

AMD nayo ilishitakiwa na wanunuzi huko California mwaka 2015. Walidai kwamba prosesa zake za FX zilizotangazwa kuwa na viini vinane hazikuwa na viini vinane kamili, kwa kuwa kila viwili vilishirikiana baadhi ya sehemu. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 12.1 ili kumaliza shauri, bila kukiri kosa.

Hatuyataji haya ili kuzichafua kampuni hizo. Tunayataja ili mlaji ajue kwamba hakuna chapa iliyo mtakatifu, na kwamba hata maneno yaliyoandikwa kwenye boksi yanastahili kuulizwa.

Jina moja, prosesa mbili tofauti

Tuchukue mfano. Mnunuzi amewekewa mezani kompyuta mpakato mbili zilizotumika, kwa bei moja. Zote zina stika ya Intel Core i5. Ya kwanza ina prosesa i5-7200U, na ya pili i5-8250U. Muuzaji anamwambia achukue ya kwanza, kwa sababu ina gigahezi 2.5 ilhali ya pili ina gigahezi 1.6.

Ukweli uko hivi. Prosesa i5-7200U ilitoka mwaka 2016 na ina viini viwili. Prosesa i5-8250U ilitoka mwaka 2017 na ina viini vinne. Zile gigahezi 1.6 ni kasi ya msingi tu. Kazi inapohitaji, prosesa hiyo hupanda hadi 3.4, wakati ile ya kwanza hupanda hadi 3.1. Kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi: Windows 11 inaikubali rasmi ya pili, na haiikubali rasmi ya kwanza. Mwaka mmoja umetenganisha kompyuta yenye maisha mbele yake na kompyuta iliyokwisha muda wake, na stika zao zinafanana.

Mfano wa pili. Watu wengi huamini kuwa i7 daima ni bora kuliko i3. Prosesa i7-2620M ya mwaka 2011 ina viini viwili. Prosesa i3-1215U ya mwaka 2022 ina viini sita, viwili vikubwa vya kazi nzito na vinne vidogo vya kazi nyepesi. Anayeacha i3 hiyo akachukua i7 hiyo kwa sababu saba ni kubwa kuliko tatu amelipia tarakimu tu. Namba 3, 5, 7 na 9 hulinganisha prosesa za kizazi kimoja na aina moja, hazilinganishi vizazi.

Kusoma namba ya Intel

Angalia tarakimu zinazofuata baada ya kistari. Katika i5-8250U tarakimu ya kwanza ni 8, kwa hiyo prosesa hiyo ni ya kizazi cha nane. Tarakimu zikianza na 1, soma mbili za mwanzo kwa pamoja: i5-10210U ni kizazi cha kumi, na i3-1215U ni kizazi cha kumi na mbili. Vivyo hivyo i5-1135G7 ni ya kizazi cha kumi na moja, wala si ya kwanza.

Kuanzia mwishoni mwa 2023 Intel ilianza kuiacha herufi "i". Sasa utakutana na majina kama Core 5 120U na Core Ultra 7 155H. Hizi ni familia mbili tofauti, ingawa zote zina neno Core. Neno Ultra linapokuwapo kwenye stika, hakikisha lipo pia katika namba ya prosesa iliyomo ndani.

Jihadhari pia na herufi N. Prosesa i3-N305 na N100 zimejengwa kwa viini vidogo pekee. Hutumia umeme kidogo na zinatosha kwa kuandika, kusoma na kutuma barua pepe, lakini si ndugu wa i3-1215U kwa uwezo. Chini yake zipo Celeron za zamani, kama N4020 yenye viini viwili. Kompyuta mpya ya Celeron, pamoja na upya wake, yaweza kuwa dhaifu kuliko iliyotumika yenye i5 ya kizazi cha nane.

Kusoma namba ya AMD

AMD hutumia majina Ryzen 3, 5, 7 na 9, na Athlon kwa zile za bei ya chini. Hapa mtego uko mahali pengine. Katika prosesa za kompyuta mpakato za mfululizo wa 7000, tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka wa soko, na tarakimu ya tatu ndiyo inayoonyesha umri wa muundo wa ndani.

Linganisha hizi tatu:

• Ryzen 5 7520U: tarakimu ya tatu ni 2, yaani muundo wa Zen 2 ulioanza mwaka 2019. Ina viini vinne.
• Ryzen 5 7530U: tarakimu ya tatu ni 3, yaani Zen 3 ulioanza mwaka 2020. Ina viini sita.
• Ryzen 5 7540U: tarakimu ya tatu ni 4, yaani Zen 4 ulioanza mwaka 2022. Ina viini sita.

Zote tatu huitwa Ryzen 5 na zote huanza na 7, na tofauti kwa macho ni tarakimu moja katikati. Katika baadhi ya mifululizo mingine ya AMD kanuni hii ya tarakimu ya tatu haitumiki, hivyo dawa iliyo salama ni kuiandika namba yote na kuitafuta katika tovuti ya mtengenezaji. Intel na AMD zote huchapisha humo idadi ya viini na mwaka wa kutoka kwa kila prosesa, na kuangalia ni bure.

Herufi ya mwisho

Herufi iliyo mwishoni mwa namba hueleza kazi ambayo prosesa iliandaliwa.

U ni ya kompyuta mpakato inayotunza chaji. H au HX ni ya kompyuta mpakato yenye nguvu kubwa, inayokula umeme zaidi, inayotoa joto zaidi na inayohitaji feni nzuri. Mtu anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara atafaidika zaidi na U. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo atahitaji H.

Kwa kompyuta za mezani, herufi F ya Intel yahitaji uangalifu wa pekee. Prosesa i5-12400F haina sehemu ya kutoa picha kwenye skrini, kwa hiyo ni lazima ununue kadi ya picha kando, la sivyo skrini itabaki nyeusi. Prosesa i5-12400, isiyo na F, inayo sehemu hiyo. Kwa AMD mambo ni kinyume: Ryzen 5 5600 haina sehemu ya picha, na 5600G yenye herufi G inayo.

Umri wa usalama

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta zilizobaki nayo, isipokuwa zilizoingizwa katika mpango maalumu wa nyongeza ya muda, hazipati tena masasisho ya usalama. Bado zinawaka na programu zinafunguka, lakini matundu mapya ya usalama hayazibwi. Kwa mtu anayefanya miamala ya benki au anayetunza taarifa za wateja, hiyo ni hatari ya kweli.

Windows 11 huikubali Intel kuanzia kizazi cha nane, na kwa kompyuta mpakato za AMD kuanzia Ryzen za mfululizo wa 3000, ukiacha matoleo machache yanayotofautiana na kanuni hii. Kompyuta za kizazi cha nne, cha tano na cha sita zilizotoka maofisini ughaibuni bado zinapatikana kwa bei ya kuvutia. Wapo mafundi wanaoweza kulazimisha Windows 11 iingie katika kompyuta hizo, lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa kompyuta za namna hiyo. Ukiamua kununua kompyuta ya aina hiyo kwa sababu ya uwezo wa mfuko, mwombe fundi akuwekee Linux, ambayo ni ya bure na huendelea kusasishwa, mradi programu unazozihitaji zinapatikana humo.

Basi, Intel au AMD?

Sasa swali la awali linaweza kujibiwa. Tukichukua prosesa mbili za mwaka mmoja, daraja moja na herufi moja, tofauti kati ya chapa hizi mbili kwa kazi za nyumbani na ofisini ni ndogo, na mara nyingi hutaihisi. Katika hali hiyo, nunua ile yenye bei nafuu, dhamana ndefu na fundi aliye karibu nawe.

Dai kwamba AMD inachemka lilikuwa na msingi kwa baadhi ya prosesa zake za zamani zilizokula umeme mwingi. Kulirudia leo juu ya kila prosesa ya AMD si haki. Intel nayo, mwaka 2024, ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilipokea volti kupita kiasi na zikakosa uthabiti. Ilitoa sasisho la kurekebisha, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Anayenunua kompyuta ya mezani iliyotumika yenye prosesa hizo aulize kama sasisho hilo liliwekwa, kwa sababu huzuia madhara mapya lakini haliponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

Kwa mwenye steshenari, umeme nao uhesabiwe. Kompyuta moja ikitumia wati 50 zaidi ya nyingine kwa saa 8 kila siku, kwa siku 26 za kazi tofauti ni uniti 10.4 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kwenye LUKU, kisha kwa idadi ya kompyuta zako. Kompyuta ya bei rahisi yaweza kukudai kila mwezi.

Chapa nyingine nazo zimeingia sokoni. Tangu mwaka 2020 Apple hutumia prosesa zake yenyewe, kuanzia M1, na tangu 2024 zimetoka kompyuta za Windows zenye Snapdragon X. Hutunza chaji vizuri, lakini hazitumii utaratibu wa x86. Programu nyingi za kawaida hufanya kazi humo, ila printa za zamani na baadhi ya programu maalumu za uhasibu zaweza kukataa. Nenda dukani na jina la programu yako, na ujaribu kabla ya kulipa.

Mwisho, kumbuka kwamba prosesa haifanyi kazi peke yake. Kompyuta yenye prosesa nzuri na RAM ya GB 4 itakwama ukifungua kurasa chache tu za intaneti. Tunashauri GB 8 kama kiwango cha chini kwa kazi za ofisi, na GB 16 kwa anayekusudia kukaa nayo miaka mingi. Diski iwe ya SSD. Aliyetoka kwenye diski ya kuzunguka akaingia kwenye SSD huhisi mabadiliko makubwa kuliko aliyebadilisha chapa ya prosesa.

Hatua za kufuata dukani

1. Kabla ya kutoka nyumbani, andika kazi tatu utakazozifanya zaidi na kiwango cha fedha usichotaka kukivuka.

2. Dukani, usiamini stika. Stika ni karatasi: hubanduliwa na kubandikwa. Omba kompyuta iwashwe.

3. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika dirisha litakalofunguka chagua "Performance", kisha "CPU". Utaona namba kamili ya prosesa pamoja na idadi ya viini.

4. Tafuta namba hiyo kwa simu katika tovuti ya Intel au AMD. Idadi ya viini iliyo kwenye skrini na iliyo kwenye tovuti lazima zilingane. Zisipolingana, huenda jina limechezewa. Omba kuanzisha kompyuta upya na kuangalia namba katika BIOS, au achana nayo.

5. Angalia RAM na aina ya diski katika dirisha hilohilo.

6. Iache kompyuta ifanye kazi kwa angalau dakika 15 huku video ikicheza. Sikiliza feni, gusa upande wa chini, na uangalie chaji inavyopungua bila chaja.

7. Uliza dhamana ni ya muda gani, inahusu nini, na nani atakayeitimiza.

Haki yako iko kwenye karatasi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha katika biashara. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwa lugha nyepesi, aliyekuuzia "i5 kizazi cha nane" anawajibika kukupa i5 ya kizazi cha nane.

Lakini haki hiyo huhitaji ushahidi. Risiti iliyoandikwa "Laptop 1" haithibitishi chochote. Dai risiti ya EFD, kisha umwombe muuzaji aandike kwenye risiti au kwenye hati ya mauzo chapa ya kompyuta, namba kamili ya prosesa, ukubwa wa RAM, aina na ukubwa wa diski, namba ya utambulisho ya kompyuta, na muda wa dhamana. Ombi hili halimtukani muuzaji mwaminifu. Atakuandikia bila kinyongo. Anayekataa kuyaandika aliyoyatamka kwa mdomo amekupa taarifa muhimu kuliko zote.

Ukigundua kasoro, rudi kwa muuzaji mapema, ukiwa na hati zako, na ueleze unachotaka: kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Yaandike mazungumzo hayo pamoja na tarehe yake. Msipoelewana, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, ukiambatisha nakala za risiti na picha ya skrini inayoonyesha namba ya prosesa.

Maswali ya kujipima

Swali la 1: Kompyuta mbili ni mpya na bei ni moja. Moja ina Ryzen 5 7520U, nyingine ina i3-1215U. Muuzaji anasema ya kwanza ni bora kwa kuwa "tano inazidi tatu". Je, ni hoja sahihi?
Jibu: Si sahihi. Tarakimu hizo ni za chapa mbili tofauti. Ryzen hiyo ina viini vinne vya muundo wa mwaka 2019, na i3 hiyo ina viini sita vya prosesa ya mwaka 2022. Linganisha pia RAM, diski na dhamana, kisha uamue.

Swali la 2: Unatafuta kompyuta ya mezani kwa ajili ya ofisi, bila kadi ya picha. Muuzaji anakupa i5-12400F kwa bei pungufu. Utaichukua?
Jibu: Hapana. Herufi F inakuambia kwamba haitatoa picha bila kadi ya ziada, na kadi hiyo itakula punguzo lote.

Swali la 3: Umepata kompyuta mpakato ya i7-6600U kwa bei nzuri, na muuzaji amekwisha kuweka Windows 11. Kuna tatizo gani?
Jibu: Prosesa hiyo ni ya kizazi cha sita, na Windows 11 haiikubali rasmi. Huna uhakika wa masasisho ya usalama. Bei yake iwe ya kompyuta ya namna hiyo, au utafute ya kizazi cha nane na kuendelea.

Aliyeyajibu maswali haya matatu sawasawa yuko tayari kwenda dukani. Akifika huko, aanze na swali moja kabla ya kuuliza bei: "Naomba kuiona namba kamili ya prosesa."